Pawasoo ya zamani ikiwaka haraka, usifurahie

Wiki jana kijana mmoja wa Webuye alinipigia simu, amepata pawasoo, yaani msumeno wa injini wa kukatia miti, aina ya Stihl 070 ya marehemu babu yake kwenye stoo ya mahindi, akaipangusa, akatia petroli, akavuta kamba mara tatu ikawaka. Alikuwa na furaha hadi hawezi kuongea pole pole. Anataka kesho yake aende nayo kuangusha mkaratusi wa jirani. Nikamwambia zima hiyo kitu, weka chini, kunywa chai kwanza. Akanyamaza kidogo, halafu, "Kwani shida iko wapi fundi, si imewaka?"

Shida ni hapo hapo.

Mimi niko Njoro, kazi yangu ya kula ni kutengeneza pampu za maji na injini za posho mill, lakini ugonjwa wangu ni hizi pawasoo kuukuu. Ziko saba kwa sasa, nne zinafanya kazi, mbili natoa spea, na moja sijui nitaifanyia nini lakini siiuzi. Mama watoto anaziita wake wenza. Ugonjwa wenyewe nilitolea kwa mjomba, alikuwa opareta Elburgon, na tukiwa wadogo tulikuwa tunajua yuko msitu upi kwa kusikia tu mlio, maana 070 hailii kama hizi za siku hizi zinazopiga kelele kama nyigu, hiyo inanguruma chini chini ni kama mtu mzee amekasirika.

Kwa wasioijua, ni mashine ya cc 106. Boda nyingi barabarani ni cc 100 hadi 150, kwa hivyo piga picha umeshika injini ya boda mikononi, na haina breki. Dada yake mkubwa 090 ni cc 137. Zote mbili zilifuata njia ya Contra, ambayo Stihl walitoa 1959 bila giaboksi, krankishafti (ule mhimili unaozungushwa na pistoni) inazungusha cheni moja kwa moja, na hiyo ndiyo iliyofanya pawasoo za zamani zenye gia zionekane kama trekta. Kilo 12 hiyo Contra, na watu waliibeba siku nzima. Huku kwetu 070 ndiyo imepasua mbao za nyumba nyingi sana ambazo watu wanalala ndani yake leo.

Sasa kisa changu. Serikali iliposimamisha ukataji miti Februari 2018, walisema ni siku 90, lakini zikaongezwa na kuongezwa mpaka 2023, na opareta wengi wakaona hakuna haja ya kuweka mashine inakula vumbi. Ndio wakati nilinunua nyingi zangu. Mzee mmoja huko Molo aliniuzia 070 elfu sita, akaniambia, "Kijana wangu, hii haijaguswa tangu niipeleke sirvisi." Hakusema sirvisi yenyewe ilikuwa mwaka gani na mimi sikuuliza, nilikuwa nimeshaona jina kwenye kava na macho yamejaa. Nikaifunga nyuma ya boda, nikafika nyumbani saa kumi na moja jioni, hata sikubadilisha nguo. Mafuta, choki, vuta. Ya pili ikashika.

Ilinguruma pole pole bila akseleta kama nusu dakika hivi, tamu kabisa, halafu ikaanza kupanda yenyewe. Sijagusa akseleta. Nikaminya nikaachilia nikidhani imekwama, wapi, inapanda tu. Nikaenda kwa swichi, swichi haizimi, waya ulikuwa umekatika ndani ya mpini. Mpaka nikumbuke kwamba ningeivuta choki ifunge hewa ijizime, ilikuwa imelia kwa sauti ambayo sijawahi kusikia tena, halafu ikasimama ghafla kama imegonga ukuta. Kimya. Harufu ya chuma moto. Nilipotoa silensa nikachungulia pistoni, upande wa kutokea moshi ulikuwa umekwaruzwa juu mpaka chini ni kama mtu amechora na msumari.

Kilichoiua ni hewa. Injini ya tustroku haina sampu ya oili, oili yake yote inakuja imechanganywa na petroli, na ule mchanganyiko unapita chini kwenye krankikesi, kile chumba cha krankishafti, kabla ya kupanda silinda. Sasa kule kwenye krankishafti kuna oili sili mbili, moja nyuma ya flaiwili (lile gurudumu zito upande wa kamba) na nyingine nyuma ya klachi, ni raba. Mashine ikikaa miaka kumi raba inakauka inakuwa kama ganda la ndizi la juzi, na injini ikizunguka inavuta hewa kupitia hapo. Hewa ikizidi petroli inapungua, petroli ikipungua oili nayo imepungua, moto unaongezeka, na mashine inakimbia yenyewe ikielekea kaburini. Kwa hivyo ile kuwaka haraka ambayo wewe unaona ni afya inaweza kuwa ndiyo homa yenyewe.

Kwa hivyo siku hizi sivuti kamba ya mashine ngeni kabla sijaipima kama inashika hewa, na kipimo nilichotengeneza ni cha kimaskini lakini kimeniokolea mashine tatu. Nilinunua ile mashine ya kupima presha ya damu ya mitumba, ile ya mkono yenye kipira cha kuminya na saa yake. Nikachukua plagi iliyokufa nikavunja ule udongo mweupe nikabaki na chuma chenye nyuzi, nikaunganisha na paipu ya hiyo mashine. Unatoa silensa na kabureta, unaziba mashimo yote mawili kwa kipande cha tyubu ya baiskeli ukikikaza na bolti zile zile, pistoni unaiteremsha chini kabisa ili silinda na krankikesi ziwe chumba kimoja, unafunga ile plagi yako na unaminya. Saa ya presha inafika 300, hiyo ni karibu bar 0.4, inatosha. Mshale ukikaa dakika nzima bila kushuka, uko sawa. Ukishuka, chukua maji ya sabuni na brashi, pakaa kila maungio, povu litakuonyesha mwenyewe.

Halafu ufanye kinyume pia, maana kuna sili inashika ukipuliza lakini inaachia ukivuta. Sirinji kubwa ya agrovet, ile ya kunywesha ng'ombe dawa, ivute uishikilie kidogo. Ukiiachilia na irudi yenyewe kwa nguvu, hewa haiingii. Ikibaki imelegea, sili imeenda. Najua wenye mashine za maabara watacheka. Wacheke.

Kubadilisha sili kazi yenyewe si ngumu, ila watu wanaharibu mashine wakitoa flaiwili na klachi. Flaiwili itolewe na pula, kile kifaa cha kuivuta itoke, ukigonga na nyundo unavunja yale mapezi ya kupuliza hewa na hayachomeleki yakakubali balansi. Klachi za pawasoo nyingi zinafunguka kwa kuzungusha upande ule ambao bolti za kawaida zinakaza, ukilazimisha upande wa kawaida unazidi kuikaza mpaka ikatike. Na ili pistoni isizunguke, sukuma kamba ya katani kwenye shimo la plagi, usitie bisibisi, bisibisi inatoboa pistoni na mimi nina moja kwenye rafu yenye tundu kama ukumbusho.

Kabureta hata usibishane nayo, fungua ubadilishe diaframu zote, vile viwambo vyembamba vya kusukuma petroli, kabla ya kitu kingine. Ukizigusa na kidole zikilia kama karatasi ya unga zimekufa, zinatakiwa ziwe laini kama ngozi ya sikio. Spea za 070 si shida, Wachina wanatengeneza mashine nzima inayofanana nayo, kwa hivyo hata mitaani Nakuru unapata diaframu, pistoni, ringi, sili. Ubora ni bahati yako. Pistoni ya Kichina nimetumia ikakaa, ringi zake nikazipima kwanza ndani ya silinda.

Silinda yangu ya Molo nilidhani imekwisha mpaka fundi mmoja wa Kibuye, Kisumu, akaniambia ukuta wake ni kromu, ile mikwaruzo mingi ni alumini ya pistoni imegandia juu. Unachukua asidi ya kusafishia choo, pamba kwenye kijiti, unapakaa kwenye michirizi tu, inachemka inatoa moshi, unafuta, unarudia, kila mara ukiosha na maji. Fanyia nje na uvae glavu na miwani, na usiache idondoke penye kromu imetoka kwa sababu itaanza kula silinda yenyewe. Ilinichukua mchana mzima. Kucha ilipopita bila kukwama nikapiga kelele hadi jirani akatoka.

Upande wa moto hizi za zamani zina pointi, zile ncha mbili za kugusana zinafungua na kufunga chini ya flaiwili. Zikikaa zinafanya utandu, unavuta mpaka bega linauma na hakuna cheche. Msasa laini kidogo, halafu pitisha karatasi safi katikati kwa sababu ule unga wa msasa nao unazuia umeme, hapa ndipo wengi wanakwama wanaanza kununua koili ya bure. Nafasi yake ni milimita 0.4 hivi, kama huna geji kunja karatasi ya A4 mara mbili iwe tabaka nne ikae, si sahihi sana lakini itakupa cheche.

Mafuta. Mashine hizi na oili ya tuti (2T, ya injini za tustroku) ya kawaida zinataka 25 kwa 1, maana yake mililita 40 kwa lita, pima na sirinji ile ile, si kifuniko cha chupa. Kuna wanaotumia oili nzuri 50 kwa 1 na inakubali, ila ukiongeza oili kumbuka umepunguza petroli kidogo kwa hivyo skrubu mbili za kabureta lazima uzirudie. Zifunge zote mbili taratibu mpaka ziguse, usikaze, halafu fungua mzunguko mmoja mmoja. Ukiminya mwisho nje ya mti inatakiwa ikohoe kohoe, brrr brrr, na ikiingia kwenye mti sauti inanyooka. Ikilia nyororo tamu kama filimbi nje ya mti, hiyo ndiyo sauti niliyosikia ile mashine ya Molo ikianza kufa.

Na sasa baa, si ile ya pombe, ni lile bamba refu la chuma ambalo cheni inazunguka juu yake. Cheni ya 070 ni ya inchi 0.404 na tupa yake ni ya milimita 5.5, watu wanaitumilia tupa ya 4.8 kwa sababu ndiyo iko nyumbani na wanashangaa mbona inatoa unga badala ya vipande. Breki ya cheni haipo kabisa, ile ncha ya juu ya baa ikigusa gogo lingine mashine inarudi usoni na hakuna kitu cha kuizuia isipokuwa mkono wako wa kushoto, kwa hivyo kidole gumba kizunguke mpini, na kichwa chako kisiwe kwenye mstari wa baa hata siku moja. Mpira wa kupunguza mtetemo nao haupo. Mjomba vidole vyake vilikuwa vinageuka vyeupe asubuhi ya baridi mpaka alipofariki. Mimi nakata dakika kumi napumzika, mimi si opareta, hakuna anayenilipa kwa futi.

Ukinunua kwa skrapu au kwa mtu usiyemjua, andikishana, piga picha kitambulisho chake. Na kama unaenda kuangusha mti hata wa shambani kwako, anza kwa chifu na watu wa KFS (Kenya Forest Service, shirika la misitu) ujue kibali kinavyotoka, mlio wa 070 hauna siri.

Kijana wa Webuye alinipigia tena Jumapili. Hakuenda kwa mkaratusi. Ameazima mashine ya presha kwa shangazi yake ambaye ni nesi, akaniapia atarudisha. Anasema mshale unashuka kutoka 300 hadi 100 kwa sekunde chache.

"Povu liko wapi?"

"Nyuma ya klachi, fundi. Linachemka kama sufuria ya maziwa."

Nikamuuliza kama ana kamba ya katani.