Mafarisayo kwenye masomo yetu ya jumuiya

Ninaandika masomo ya jumuiya ndogo ndogo hapa Sinza, yale makaratasi ya kurasa mbili yanayotolewa kopi stationery Ijumaa jioni ili yawahi ibada ya Jumamosi asubuhi. Wanaoanza kazi hii wakinionyesha rasimu, naangalia kwanza Wayahudi wamewekwa wapi. Mara nyingi wamepangwa upande wa ubaya ili Yesu aonekane mwema.

Wanaoonewa zaidi ni Mafarisayo, lile kundi la Wayahudi walioshika sana Torati. Mathayo 23, Yesu anapowakemea, ni kali kweli, usiipunguze. Ila weka pembeni yake Luka 13:31, ambapo Mafarisayo ndio wanaomwonya Yesu aondoke kwa sababu Herode anataka kumuua. Gamalieli aliyewatetea mitume barazani alikuwa Farisayo. Paulo naye, miaka mingi baada ya kuongoka njiani kwenda Damasko, anasema mimi ni Farisayo, hasemi nilikuwa. Ukishayasoma hayo pamoja, Mathayo 23 inasikika kama ugomvi wa ndugu wa tumbo moja, na ugomvi wa namna hiyo sisi tunaujua ukali wake.

Halafu lipo hili la "Agano la Kale sheria, Agano Jipya upendo". Lifute. Marcion, mwalimu Mkristo wa karne ya pili, alikwenda mbali kuliko hapo, akayakataa Maandiko ya Kiyahudi kabisa, na kanisa la Roma likamtenga mnamo mwaka 144. Amri kuu mbili za Marko 12 zimetoka Kumbukumbu la Torati 6 na Walawi 19.

Jambo ninalopenda kuliandika kila Juma Kuu liko Marko 14:26: baada ya karamu ya mwisho Yesu na wanafunzi waliimba, ndipo wakaenda Mlima wa Mizeituni. Waliimba nini? Marko hasemi, lakini Wayahudi wakati wa Pasaka huimba Zaburi 113 hadi 118, na wataalamu wengi huona ndizo zinazokusudiwa. Basi mpe mtu mmoja asome 118 kwa sauti, polepole. Humo limo jiwe walilolikataa waashi, ambalo Yesu alikuwa amelitaja hekaluni siku chache kabla. Humo imo pia "abarikiwe ajaye" ya Jumapili ya Matawi. Wanajumuiya huanza wenyewe kufunua kurasa nyuma na mbele, na mwandishi hana haja ya kuongeza neno.

Usizidishe, hata hivyo. Vikombe vinne vya divai vya karamu ya Pasaka tunavisoma kwenye Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya walimu wa Kiyahudi uliokamilika mnamo mwaka 200, kwa hiyo usiandike kwa uhakika kwamba Yesu alinywa kikombe cha tatu. Na baragumu za mtindo wa Kiyahudi zinazopulizwa siku hizi kwenye mikesha ya mjini hazimfanyi mtu aijue Torati.

Kwa somo la Ijumaa Kuu, andika wazi kwamba kusulubisha ilikuwa adhabu ya Warumi. Hata Kanuni ya Imani inamtaja Ponsyo Pilato. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulishatamka mwaka 1965, katika tamko lake Nostra Aetate, kwamba kifo cha Kristo hakiwezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule wala wa leo. Nukuu sehemu hiyo kabla ya maswali ya majadiliano, maana ndipo wazee huanza kubishana.