Lithiamu ipo kibao, ila uliza kwanza ni tani za nini

Kwa nyie mnaoanza kazi kwenye madini ya betri, au mwanafunzi uliyepewa mada ya lithiamu, ngoja niwape kitu kilichonitoa jasho mwaka wangu wa kwanza. Nililetewa majedwali mawili, moja la mwamba, lingine la maji ya chumvi yanayopampiwa kutoka chini ya jangwa. Mwamba umeandikwa 1.4, maji 0.15, basi mi nikaandika mwamba ni tajiri mara tisa, nikatuma, nikaenda kula. Kurudi nakuta bosi kazungushia wino mwekundu neno moja tu: oksidi. Kumbe ile 1.4 ilikuwa asilimia ya oksidi, yaani lithiamu iliyoungana na oksijeni, na 0.15 ni asilimia ya lithiamu yenyewe. Oksidi unaizidisha kwa 0.464 ndo unapata lithiamu, kwa hiyo inashuka mpaka kama 0.65, yaani mara nne na ushee. Afu wafanyabiashara nao wanahesabu kwa kaboneti ya lithiamu, ule unga unaouzwa sokoni, ambapo lithiamu unaizidisha kwa 5.323, sasa hapo mtu akisema tani milioni moja we umeelewa nini?

Na hiyo mara nne yenyewe haisemi nani anatoa kwa gharama nafuu. Spodumeni, ndo jiwe lenyewe, unaisaga, unaichambua, unaioka kwenye joto la nyuzi zaidi ya 1,000 ndo asidi ipate kupenya. Kule Atacama, Chile, jua ndo linakausha maji bure, ila mabwawani unangoja mwaka na zaidi. Australia wanaongoza dunia kwa uzalishaji na wanategemea mwamba, so msiudharau.

Swali la "itaisha lini" kila mgeni anakuja nalo. Kwenye ganda la dunia ipo kama gramu 20 kwa tani, inaizidi hata madini ya risasi, shida yake imetawanyika. Baharini ni kama miligramu 0.17 kwa lita, piga hesabu: kilo moja inataka karibu lita milioni 6, na hapo umenasa yote bila kupoteza hata chembe. Anayesema bahari imejaa lithiamu hadanganyi, muulize tu umeme wa pampu analipa nani.

Kingine, msichanganye rasilimali na akiba, nawaomba. Rasilimali ni kilichopo, akiba ni kinachochimbika leo kwa faida. Bolivia ni kati ya nchi za juu kabisa kwa rasilimali lakini maji ya Uyuni, tambarare yao kubwa ya chumvi, yana magnesiamu karibu mara 20 ya lithiamu, na msimu wa mvua unaharibu ukaushaji, ndo maana uzalishaji wao bado mdogo. Akiba inacheza na bei pia. 2022 bei ilipaa, 2023 ikaporomoka, baadaye migodi mingine ikasimamishwa, na lithiamu ilikuwa palepale chini haijasogea.

Siku hizi kwenye jedwali langu safu ya kwanza ni kipimo, ya pili tarehe ya bei iliyotumika. Jina la mgodi naliweka la tatu.