Seli nyekundu zenye mashimo na miiba kwenye slaidi: anza na maandalizi

Mkuu, umeuliza kwa nini seli nyekundu kwenye slaidi nyembamba (damu iliyotandazwa kwa utando mmoja) zina mashimo yanayong'aa, nyingine zina miiba, na kwenye tone nene (tone la damu lililoachwa nene) huzioni kabisa. Kabla ya kumshuku mgonjwa, kagua ulivyoandaa.

Weupe wa katikati wenyewe ni wa kawaida. Seli nyekundu haina kiini: ina upana wa maikromita 7 hadi 8, ukingoni unene wake ni kama 2 na katikati kama 1, kwa hiyo hemoglobini pale ni kidogo. Rangi hufifia taratibu, na weupe hauzidi sana theluthi moja ya upana. Shimo lako lina ukingo mkali, na ukichezesha fokasi linametameta. Hayo ni maji. Methanoli, alkoholi ya kukaza seli kwenye slaidi, hunyonya unyevu wa hewa, na pwani chupa iliyoachwa wazi huharibika haraka. Mimina ya kutumia siku hiyo tu, funga chupa, na slaidi ikauke kabisa kabla ya kuichovya.

Miiba mara nyingi hutokana na damu ya EDTA (dawa ya kuzuia damu kuganda) iliyokaa muda mrefu. Ipake ndani ya saa 2. Chupa nayo ijazwe hadi mstari. Damu ikiwa kidogo, EDTA inazidi, maji yanavutwa kutoka ndani ya seli, na utando unakunjamana. Miiba ikibaki hata kwenye damu mbichi ya kidoleni, mweleze daktari, maana ugonjwa wa figo unaweza kuileta.

Tone nene ni suala jingine: seli nyekundu hazitakiwi kuonekana. Halikazwi kwa methanoli, hivyo ukiweka Giemsa (rangi ya kupaka seli) iliyochanganywa na bafa (maji yanayoshikilia pH, yaani kiwango cha asidi), maji yanaingia kwenye seli, utando unapasuka na hemoglobini inatoka. Vinabaki viini vya seli nyeupe, chembe sahani, na vimelea vya malaria kama vipo. Wengi hukosea wanapoweka tone nene na nyembamba kwenye slaidi moja: methanoli ikiligusa tone nene, hata mvuke wake tu, seli zinakazwa na huoni kitu. Ukimaliza kukaza, simamisha slaidi, tone nene likiwa juu.

Kwa slaidi nyembamba tumia tone la kama maikrolita 2, slaidi ya kusukumia nyuzi 45, msukumo mmoja bila kusita. Giemsa ya asilimia 10 ni dakika 8 hadi 10. Ya asilimia 3 ni 45 hadi 60. Bafa iwe pH 7.2: ikiwa na asidi zaidi, seli huwa za waridi mno na viini hupauka, ikipanda, kila kitu kinakuwa bluu-kijivu.

Soma pale seli zinapogusana kidogo bila kupandana, kwa lenzi ya 100 yenye mafuta. Mwishoni kabisa mwa mkia, ile ncha nyembamba ya damu iliyopakwa, seli hulala bapa, weupe wa katikati hupotea, na utaandika ugonjwa usiokuwepo. Ukikosa kipimo cha ukubwa, tafuta limfosaiti ndogo, aina ya seli nyeupe: kiini chake kinakaribia upana wa seli nyekundu ya kawaida.