Mtoto aliyekimbia vita aingie darasani wiki hii, asingoje Januari

Dada mmoja wa Kayole, Nairobi, ameniandikia. Amewapokea watoto wawili wa dadake kutoka Goma, mashariki mwa Kongo, mvulana wa miaka 12 na msichana wa miaka 9. Tangu mji ulipotekwa mwishoni mwa Januari 2025 hawajakaa darasani hata siku moja. Alipofika shule ya karibu aliambiwa arudi muhula wa kwanza mwaka ujao, tena aje na vyeti vya kuzaliwa. "Vyeti viliungua pamoja na nyumba," anasema. "Nianzie wapi?"

Dada, anzia shuleni, na uanze wiki hii. Mtoto akikaa nyumbani, nyumba humpatia kazi. Msichana ataachiwa mtoto mchanga amlee, mvulana atapata mkokoteni wa kusukuma sokoni, na baada ya miezi michache ile shilingi mia anayoleta jioni imeshaingia kwenye hesabu ya unga. Hapo kumrudisha darasani ni kuiondolea familia chakula, na wengi hawarudi tena. Ndiyo maana neno "subiri" linaniuma sana ninapolisikia kwenye ofisi ya mwalimu mkuu.

Sheria iko upande wako. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kinasema kila mtoto, hakisemi kila Mkenya. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unadai mkimbizi apate elimu ya msingi sawa na mwenyeji. Nayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu shule ya umma kumchuja mtoto kwa mtihani. Mtihani unaokubaliwa ni wa kumpangia darasa linalomfaa.

Lakini usiende kumsomea mwalimu mkuu vifungu. Elewa kwanza anachoogopa. Kwa miaka mingi NEMIS, mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi, ulidai namba ya cheti cha kuzaliwa, na mgao wa serikali ulifuata idadi ya wanafunzi waliosajiliwa humo. Mtoto asiye na cheti alikuwa mdomo usio na bajeti, na mazoea hayo hayajaisha. Basi mpe karatasi nyingine za kushika: karatasi ya usajili wa wakimbizi (kwa Nairobi husajiliwa ofisi ya Shauri Moyo), kijitabu cha kliniki au kadi ya chanjo yenye tarehe ya kuzaliwa, ripoti yoyote ya shule ya zamani hata kama ni picha kwenye simu, na barua ya chifu inayosema watoto wanaishi kwako. Nenda na nakala mbili za kila moja. Nenda Jumanne hadi Alhamisi, saa nne hivi, kwa sababu Jumatatu na Ijumaa kuna gwaride na shughuli nyingi. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi kisha uipeleke kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Mara nyingi mtu akiombwa kuandika sababu, sababu yenyewe hulegea.

Jambo linaloharibu zaidi, na ambalo watu hawalioni mapema, ni majina. Mkongo huandika jina la ukoo kwanza, kisha la pili, na jina la ubatizo mwisho. Fomu zetu huanza na lile la ubatizo. Mtoto mmoja anaishia kuwa na majina matatu yaliyopangwa kwa namna tatu: rejesta ya shule, karatasi ya ukimbizi, na orodha ya mtihani. Kwa Wasudani tatizo ni herufi: Mohamed, Muhammad, Mohammed. Chagua tahajia na mpangilio ulio kwenye karatasi ya ukimbizi, na usiubadilishe popote. Hakikisha kabla ya usajili wa mtihani wa Gredi ya 6 na wa Gredi ya 9, maana usajili hufanywa miezi mingi kabla ya mtihani wenyewe, na kurekebisha jina baadaye ni safari ndefu.

Sasa darasa gani? Hapa ndipo watoto wengi hupotezwa na watu wenye nia njema. Mvulana wa miaka 12 hajui Kiingereza, basi anawekwa Gredi ya 2 na watoto wa miaka 7. Kiti hakimtoshi, anachekwa, na baada ya wiki mbili anaanza kuumwa na tumbo kila asubuhi. Mpime kwa hesabu na kwa lugha aliyosomea, yaani Kifaransa na Kiswahili cha kwao. Kiingereza atakipata akiwa na rika lake, akisaidiwa saa moja kila jioni.

Hata hesabu yenyewe inataka jicho. Mpe 156 gawanya kwa 12. Mtoto wa Nairobi ataweka 12 kushoto, 156 chini ya paa, na jibu juu. Mtoto wa Goma ataandika 156 kushoto, apige mstari wa wima, aweke 12 kulia, na jibu, 13, chini ya hiyo 12. Mwalimu mwenye haraka huona vurugu na kuweka alama ya kosa. Vilevile ataandika 3,5 pale tunapoandika 3.5. Kwa aliyetoka Khartoum ni kazi zaidi: tano yake inafanana na sifuri yetu, sita yake inafanana na saba yetu, na sifuri yake ni nukta. Akiandika 65 kwa tarakimu alizofundishwa, ٦٥, sisi tunasoma 70. Ana akili timamu na jibu lake ni sahihi. Mwambie mwalimu mapema, tena kwa heshima, kabla kalamu nyekundu haijamkatisha mtoto tamaa.

Elimu ya msingi ni ya bure tangu Januari 2003, lakini sare, chakula cha mchana na vitabu vya mazoezi haviji vyenyewe. Omba orodha nzima siku ya kwanza. Sare ya mtumba ya soko la Gikomba inatosha.

Nimalizie na wale wanaochanga kwenye makundi ya WhatsApp ili kusaidia watoto waliobaki kule. Najua mnataka kujenga. Msianze na matofali. Anzeni na posho ya mwalimu, kwa sababu mwalimu asiyelipwa ataondoka kutafuta riziki, na hapo jengo linakuwa ghala. Sanduku la shule la UNICEF limepangwa kwa wanafunzi 40, na kifuniko chake hupakwa rangi ya ubao kikawa ubao wenyewe. Wazo hilo mnaweza kuliiga kwa plaiwudi. Pakeni rangi ya ubao, si rangi ya mafuta ya kawaida, kwani hiyo hung'aa na chaki huteleza. Hesabuni lita 3 za maji kwa kila mtoto kwa siku, ya kunywa na kunawa. Watoto 40 ni mitungi sita ya lita 20. Choo kimoja kwa wasichana 30, kimoja kwa wavulana 60. Msichana anayekosa choo ndiye wa kwanza kubaki nyumbani.

Na askari wa upande wowote wasilale darasani, hata usiku mmoja, hata kama ni wa kwetu. Wakilala humo, upande wa pili unaona kambi, hauoni shule. Azimio la Shule Salama, lililozinduliwa Oslo mwezi wa Mei 2015, limeungwa mkono na nchi zaidi ya 100 kwa sababu hiyo. Kiongozi wa kijiji anaweza kulitaja anapozungumza na kamanda. Rejesta iandikwe nakala mbili, moja ikae nje ya shule, ili moto ukiingia majina ya watoto yabaki.

Dada wa Kayole, nenda Jumanne ukiwa nao wote wawili, si peke yako. Mvulana abebe daftari lenye hesabu kumi alizofanya mwenyewe. Wakikataa, niandikie ni karatasi gani waliyosema inakosekana.