Lugha zote za programu zina kasoro, nihamie wapi?

SWALI: Kaka mtaalamu, huu mwaka wa sita naandika programu na kwa kweli nimechoka. Juzi nimekesha siku mbili natafuta kwa nini oda za mteja mmoja zinatokea kwa mwingine, kumbe kwenye Python niliweka listi tupu kwenye mabano ya fankisheni (kipande cha programu unachokiita kwa jina) na ile listi inatengenezwa mara moja tu, kila anayekuja anakuta vya aliyetangulia. JavaScript nayo inasema null, yaani alama ya kwamba hakuna kitu, ni obijekti, nikijumlisha 0.1 na 0.2 napata 0.30000000000000004. Java ndo usiseme, null inaniangushia programu kila siku. Hivi hakuna lugha iliyonyooka? Au nitengeneze yangu?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, hasira yako ni ya haki kabisa. Hiyo ya listi imewauma wengi, dawa yake weka None (ndiyo "hakuna kitu" ya Python) kwenye mabano halafu listi uitengeneze ndani ya fankisheni. Ila haikupaswa kuwa hivyo, msomaji anaona listi mpya, lugha inaelewa kingine!

Sasa mbona hawarekebishi? JavaScript ilianzishwa na Brendan Eich mwaka 1995 kwa siku kama 10, hilo la null likaingia humo humo, baadaye ikapendekezwa lirekebishwe ikashindikana maana kurasa zilizokwisha kuzoea lile kosa zingeharibika. Python wao walithubutu, toleo la 3 lilitoka 2008 na halikuelewana na la 2, matokeo yake la 2 limekuja kuachwa rasmi Januari 2020, miaka yote hiyo watu wanahangaika na matoleo mawili.

Inayoniuma zaidi mimi ni null. Mtaalamu wa kompyuta Tony Hoare aliiweka kwenye lugha ya ALGOL W mwaka 1965 kwa vile ilikuwa rahisi kuiweka, basi tu, na mwaka 2009 mwenyewe akaiita kosa lake la dola bilioni moja. Tena inazuilika! Lugha ya Kotlin inakulazimisha useme mapema kama kitu kinaweza kuwa tupu, unaweka alama ya kuuliza, ukisahau kukagua, kompaila (programu inayotafsiri kodi yako kwa kompyuta) inagoma kabla programu haijamfikia mtu. Na kwa kuwa uko Java tayari, huhitaji kuandika upya kila kitu, hamisha faili moja moja, zinaelewana vizuri tu. Rust pia ni nzuri ila kompaila yake itakusumbua sana mwanzoni, ujue hilo kabisa.

Lugha yako tengeneza kwa kujifunza, utafaidika mno, lakini kazi ya wateja usiiweke humo maana kila maktaba (kodi iliyokwisha andikwa ya kutumia tena) utaiandika mwenyewe.

Hiyo ya 0.1 hapo lugha unaionea, kompyuta inatunza desimali kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na 0.1 haikai sawasawa humo, utaikuta hata Python na Java. Kama ni hesabu za hela tunza kwa senti, namba nzima, usiguse desimali.