Arduboy: kubonyeza mara moja, kigari kinaruka hatua sita

Mkuu, umesema ukibonyeza kitufe mara moja kigari chako kwenye Arduboy, kile kifaa kidogo cha mkononi cha kuchezea michezo unayoiandikia programu mwenyewe, kinaruka hatua tano sita, tena kinaacha mkia. Yote mawili yalinikuta hapa Uyole, Mbeya, nikitengeneza mchezo wa lori, Juni, baridi ile ya kufa ganzi. Nikawa nalaumu vidole.

Vidole havina kosa. Kwa kawaida Arduboy2, maktaba ya kodi tunayoitumia kuandika michezo yake, huzungusha programu mara 60 kwa sekunde. Kidole kikikaa juu ya kitufe sehemu moja ya kumi ya sekunde, mizunguko 6 imeshapita, na pressed, amri inayouliza kama kitufe kimebonyezwa, imejibu "ndiyo" mara zote. Unayoihitaji ni justPressed, ambayo hujibu mara moja tu, kidole kinapotua. Ila ni lazima uite pollButtons, inayosoma hali ya vitufe, kila mzunguko, baada ya nextFrame, inayosema kama muda wa mzunguko mpya umefika. Mimi niliisahau hiyo, lori langu likagoma jioni nzima. Kabla ya hapo nilijaribu dawa ya kienyeji, delay (amri ya kusubiri) ya milisekunde 200. Usithubutu! Delay ikianza, programu nzima imelala. Bonyeza utakavyo, hakuna anayekusikia.

Kwa mwendo wa mfululizo, mtu akishikilia kitufe, pressed iache palepale.

Mkia nao ni hivi: picha ya kioo, pikseli 128 kwa 64, huandaliwa kwanza kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kifaa, baiti 1,024, na kilichochorwa humo hakijifuti. Kila mzunguko ita clear ifute, chora, halafu display ipeleke picha kwenye kioo. RAM yote ni baiti 2,560, kwa hiyo michoro yako iwekee neno PROGMEM kwenye kodi ikakae kwenye flashi, kumbukumbu inayotunza programu yenyewe.

Na kwa kuwa umesema unataka kuchora kigari kizuri zaidi, jihadhari na hili. Kwenye mchoro, baiti moja ni pikseli 8 zinazoshuka chini, biti ndogo kabisa ikiwa juu. Mimi nilichora mstari kwa mstari kwenye daftari la hesabu, kushoto kwenda kulia, nikaziandika baiti hivyohivyo. Lori likatokea limesimama wima, pua juu, magurudumu ubavuni. Mchezo wenyewe ulikuwa wa kupanda mlima Kitonga, ule wa barabara kali ya Iringa, mdogo wangu akachungulia akaniambia, "Kaka, hapo hata breki hazisaidii."

Rekebisha hivyo vya vitufe kwanza. Ikigoma, bandika hapa loop yako yote, ile sehemu ya kodi inayojirudia, nitaipitia usiku umeme ukiwepo.