Dai chumba chako kabla zege halijamwagwa

Juzi kijana mmoja, fundi mitandao wa chuo huko Mbarara, ameniandikia: “Kaka, tunajengewa jengo la ghorofa nne. Mkandarasi anasema mambo ya intaneti tutayaona jengo likiisha. Nifanye nini?”

Mdogo wangu, usikubali. Kesho asubuhi nenda kwenye kikao cha michoro, hata kama hukualikwa.

Nasema hivi kwa uchungu. Miaka ya nyuma nilikuwa na kazi ya maktaba ya chuo kimoja hapa Kampala. Mapema kabisa niliandika barua kuomba chumba cha mitambo ya mtandao kila ghorofa. Msanifu akanijibu mbele ya watu kwamba siku hizi ni wayalesi tu, nyaya za nini? Rangi ilipokwisha kupakwa ndipo nikaitwa. Nilipewa stoo ya mafagio, na bomba la maji likipita juu ya raki, yaani fremu ya kufungia vifaa vya mtandao. Vijana wangu wakatoboa slabu, ile sakafu ya zege, vumbi likatua kwenye meza mpya, na waliofokewa ni sisi. Mpaka leo linaniuma. Kila kifaa cha wayalesi kinachokaa darini kinalishwa na kebo, data na umeme wake humo humo!

Mwezi huu nimekabidhi jengo la maabara ambalo nilikaa vikaoni tangu mchoro wa kwanza. Hatukutoboa ukuta hata mmoja. Vyumba vya mitambo vimepangwa kimoja juu ya kingine, katikati ya jengo, na faiba, kebo inayobeba data kwa mwanga, ikashuka wima kutoka juu hadi chini bila kukwama popote. Nilisimama pale nikajisikia fahari, sifichi.

Kwa nini katikati? Kebo ya shaba mwisho wake ni mita 100 pamoja na vipande vya kuunganishia ncha zote mbili. Katika hizo, sehemu ya kudumu, inayopita darini na ukutani, isizidi 90. Usipime kwa rula mstari ulionyooka. Fuata njia yenyewe: inapanda darini, inazunguka ukumbi, inashuka hadi kwenye soketi. Mita zinaisha upesi. Mabomba ya kupitishia kebo usiyajaze zaidi ya asilimia 40, na ukishapiga kona mbili za digrii 90 weka boksi la kuvutia kebo kabla ya kona nyingine.

Kati ya jengo na jengo pitisha faiba, tena ile isiyo na chuma ndani. Sisi wa kandokando ya Ziwa Viktoria radi tunaijua. Shaba iliyofukiwa kati ya majengo huipeleka moja kwa moja kwenye swichi ya mtandao. Na acha bomba tupu kutoka upande wa barabara, ili RENU, mtandao wa vyuo na utafiti wa Uganda, wakileta laini yao msianze kuvunja pevingi.

Wenzangu, tumezoea kunyamaza mbele ya wasanifu na kulalamika baadaye kwenye chai. Tuache. Mchoro usio na chumba chetu haujakamilika, na anayepaswa kulisema hilo ni wewe.

Kwa hiyo, mdogo wangu, chukua nakala ya mchoro, chora chumba kwa kalamu nyekundu, kidai kiandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Mkandarasi akirudia kwamba mtaona mwishoni, muulize kwa barua gharama ya kutoboa slabu italipwa na nani, na nakala mpelekee mhandisi wa chuo.